Mwiko wa Nyamizi

Nikipita mahali panapokaangwa karanga, mate hunijaa kinywani na moyo hunidunda, vyote kwa pamoja. Wenzangu huniona kituko. Nyinyi nitawaeleza, kwa kuwa hamtanicheka.

Nilizaliwa Itetemia, nje kidogo ya mji wa Tabora, enzi za Mwingereza, na kwetu karanga haikuwa kitu cha kutafuna wakati wa soga tu. Ilikuwa mboga na ilikuwa mafuta. Nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, zikipikwa bila karanga bibi yangu aliziita chakula cha mfungwa, akasukuma bakuli pembeni na kuuliza kama nyumba imeingiliwa na wezi.

Bibi huyu alikuwa mama yake baba, mwembamba, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kukasirika. Baba yake mzazi alikuwa mpagazi wa misafara ya zamani, aliyebeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo. Wenzake walikufa njiani kwa njaa na homa, lakini yeye, kwa maneno ya bibi, alikuwa na mfuko wa karanga kiunoni. Alitafuna kidogo kidogo mpaka akaiona bahari, akatafuna tena mpaka akarudi. "Sisi sote tumetoka katika mfuko ule," bibi alipenda kusema, nami nilimwazia mzee huyo akitutoa mmoja mmoja na kutupangusa vumbi.

Ndiyo maana nyumbani kwetu kulikuwa na desturi. Mtoto akianza kusimama dede, mkubwa wa nyumba alimtafunia karanga mpaka zilainike, akamtia kinywani, apate miguu ya kufika pwani. Baba alitafuniwa, mimi nilitafuniwa. Padri aliijua desturi hiyo na alinyamaza, maana naye alipenda nsansa za bibi.

Mdogo wangu Kalunde alisimama dede mwaka ambao karanga zilizaa mpaka tukakosa vikapu. Bibi akaketi mkekani, akatafuna taratibu, macho ameyafumba kwa raha, akamlisha. Hatukumaliza hata kupiga vigelegele. Midomo ya mtoto ilivimba, mabaka mekundu yakamtoka kifuani, akajikuna, akatapika, akalia kilio ambacho sikuwahi kukisikia kwake. Kufikia jioni mabaka yalikuwa yamefifia, naye amelala mgongoni mwa mama.

"Analilia jina," bibi akakata shauri.

Kwa Wanyamwezi hilo lilikuwa jambo la kawaida. Mtoto akiugua bila sababu, huenda kuna mzazi wa kale anayetaka aitwe kwa jina lake. Bibi akapekua wafu wake wote kichwani, akamwona mama yake mwenyewe, Nyamizi, mke wa yule mpagazi. Hakuna mjukuu aliyepewa jina lake. Ilionekana wazi kabisa.

Mama yangu hakuona hivyo. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, tena mkwe, na mkwe wa siku zile alipima ulimi wake. Lakini jambo moja lilikuwa likimsumbua. Siku moja, kabla ya yale yote, alikuwa akimenya karanga za mbegu, mtoto akaanguka, akamdaka na kumpangusa shavu. Baadaye kidogo shavuni pakainuka vidole vya mama, vyote, vyekundu, vimejichora kana kwamba amempiga kofi. Baba alimuuliza kwa ukali kwa nini anampiga mtoto mdogo vile. Mama alibaki akikitazama kiganja chake.

Siku ya kumpa mtoto jina na kumlisha karanga upya ilipofika, akajikaza.

"Mama," alimwambia bibi, amepiga goti, "safari hii tumpe uji tu. Naogopa karanga."

Bibi akauliza, "Unaogopa karanga? Karanga iliyompeleka baba yangu Bagamoyo na kumrudisha? Mwanangu, ogopa nyoka."

Watu walicheka. Majirani walikuwa wamejaa uani, ngoma zimewambwa, vyungu vimeshatokota. Bibi akampakata mtoto, akatafuna, akasema kwa sauti ya wote kusikia, "Pokea, Nyamizi. Nyumba hii ni yako." Akamlisha.

Sijui niwaelezeje niliyoyaona. Uso wa mdogo wangu ulifura, macho yakazama ndani ya nyama. Sauti ikakauka. Kifua kikawa kinavuta pumzi na pumzi haiji, kinapiga filimbi nyembamba ya ajabu, na midomo ikageuka rangi ya majivu. Punje moja ya karanga! Ile ile niliyokuwa nayo shavuni mwangu wakati huo, tamu, naitafuna. Niliitema mkononi nikaitazama. Haikuwa na jicho wala jino. Mpaka leo sijaona kitu kidogo chenye nguvu kubwa namna ile.

Baba alirukia baiskeli, mama akapanda nyuma na mtoto, wakashika njia ya mjini, ile ile waliyopita wapagazi. Bibi alibaki amesimama uani. Kisha akaenda mtungini, akasukutua kinywa. Akasukutua tena na tena, akisugua ulimi kwa kidole, mpaka maji yakaisha.

Walirudi kesho yake, watatu, wazima. Mama alisimulia kwamba hospitalini mtoto alichomwa sindano akiwa ameshalegea, na pumzi ikarudi wakati mama bado anaisali Salamu Maria, hajafika katikati. Daktari akauliza amekula nini. Mama akamweleza yote, mpaka vile vidole vya shavuni. Daktari akasema karanga asiionje tena, wala isimguse, wala asipikiwe katika chungu cha karanga, maana safari nyingine huenda wasiwahi.

Mnadhani mambo yaliishia hapo? Watu wa Itetemia walisikia maneno ya daktari wakaguna. Karanga imuue Mnyamwezi! Shangazi mmoja, mwenye mapenzi mengi, tulimkuta anataka kumlambisha kidole. "Kidogo tu, azoee." Mama akaanza kumbeba mtoto mgongoni mchana kutwa, hata shambani, hata akiteka maji, akakonda yeye badala ya mgonjwa.

Hapo bibi akawaita watu wote uani. Alivaa kaniki yake nyeusi, na uso wake sikuutambua.

"Baba yangu amenijia," alisema. "Karanga ni mwiko kwa Nyamizi. Yeye mwenyewe alikula nyingi mno safarini, akaapa zisifike kinywani mwa mtoto huyu. Atakayemlisha, au atakayemshika na mikono ya karanga, atajibizana na baba yangu, si na mimi."

Ndugu zangu, kijiji kizima kilinyooka! Wanawake walionawa kwa kubabaisha sasa walinawa mpaka viwiko kabla ya kumpokea mtoto. Shangazi wa kidole alikuwa akinyoosha viganja vyote viwili mlangoni vikaguliwe. Mdogo wangu akapata kinu chake, mchi wake, chungu chake, na hakuna aliyeuliza sababu. Akatembea, akakimbia, akasoma, akaolewa Puge, na hadi leo wakwe zake wanautunza mwiko ule.

Katika miaka ile nilikuwa nikimwona bibi alfajiri, anatoka nje, anamwaga maji kidogo chini, ananong'ona. Nilidhani anamshukuru baba yake kwa onyo.

Nilipokuwa mtu mzima, nina watoto wangu, nilimuuliza bibi yule mzee alimtokea vipi, katika ndoto au waziwazi. Bibi alicheka kwa pua.

"Hakunijia mtu, mke mwenzangu. Mama yako aliniambia nikamcheka. Sasa nani angemsikiliza mama yako, wakati mimi mwenyewe sikumsikiliza?"

Kwa watu wa kizazi chake, kumsingizia marehemu si mzaha. Marehemu husikia. Naye hakumsingizia marehemu yeyote tu, alimsingizia baba yake aliyempenda kuliko wote, akamfanya mtu aliyeikana karanga, mtu ambaye duniani hakupenda chakula kingine chochote kuliko hiyo karanga. Alimvunjia heshima mbele ya kijiji kizima ili mtoto mmoja apumue. Kisha, kila alfajiri, alitoka peke yake kumwomba radhi.