Yule Mama wa Jazi Niliyemfuta

Nesi aliyepanga chumba chetu hapa Bariadi, mtu wa kuja, aliniambia ule muziki wake ni jazi. Nikabisha. Jazi ninayoijua mimi ina magitaa na watu wanatoka jasho. Hii ilikuwa mwanamke mmoja anaimba Kiingereza polepole, kama anajisemea huku anaosha vyombo, na kinanda kinamfuata nyuma kwa woga. Kiingereza sina. Shule niliiacha darasa la tatu nikaenda kuchunga, na ng'ombe wenyewe wameisha, lakini hayo tuyaache.

Mke wangu naye hakuelewa neno. Ila tangu tumzike kitinda mimba wetu alikuwa halii wala halali. Nesi akitoka zamu usiku anafungulia muziki wake, sisi tunausikia ukutani, mara mwenzangu analia taratibu, halafu amelala. Nesi alipohamishwa akamwachia memori kadi, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Mayu, weka kwenye redio yako."

Ikawa kila usiku. Wimbo wa nne haumkuti macho.

Ikaja palizi ya pamba. Kwetu ukialika majirani wakulimie, uwape chakula na ngoma. Nikaipeleka ile kadi stendi kwa jamaa anayeingiza nyimbo, aniwekee za ngoma. Akaijaribu kwenye spika lake kubwa. Yule mama akaanza kuimba. Watu wakacheka, vijana wakinitania kama babu yao.

"Guku, umefiwa?"

"Labda kaoa Mzungu uzeeni!"

Jamaa akasema, "Kadi imejaa, mzee. Nizifute hizi?"

Ningesema subiri. Niliona haya. Nikasema, "Futa, si zangu."

Palizi ilifana, watu walilima wakicheza. Usiku mke wangu akawasha redio, manju, yule mwimbaji wa ngoma, akapayuka mle chumbani kama yuko mnadani. Akazima.

"Yuko wapi?"

"Nimemfuta."

Hakunitukana. Angenitukana ningepona.

Namba ya nesi haipatikani. Nikarudi stendi kuuliza yule mwimbaji anaitwa nani. Nani anajua? Nikamwimbia jamaa kipande, palepale mbele ya watu. Wakacheka kuliko mara ya kwanza, na safari hii sikuona haya hata kidogo. Haya yangu niliimaliza siku isiyotakiwa.

Sasa tunalala macho wote wawili. Juzi nikajaribu kuuguna ule wimbo wa nne gizani.

"Acha, baba," akasema. "Wewe lala."