Ukurasa Uliokataa Kubadilika

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo nikiisimulia kichwa hunizunguka upya. Nilikuwa kijana, nimetoka Sikonge kwa baiskeli na begi moja, nimekuja Tabora mjini kusoma kompyuta kwenye chuo kidogo nyuma ya soko. Usinicheke. Mnatuita watu wa jembe, lakini HTML, hiyo lugha ya kuandikia kurasa za mtandao, tuliigusa kabla baadhi yenu hamjazaliwa.

Mwalimu wetu alikuwa Bi Zuhura, mama wa mjini, mpole, asiyependa kurudia maneno. Alitupa jaribio: kila mtu atengeneze ukurasa kuhusu kwao, wenye kichwa, maelezo mafupi na picha, ndani ya nusu saa. Atakayeshinda angebaki chuoni kuwa msaidizi wake. Kwangu mimi kushindwa kulikuwa ni kurudi kwenye tumbaku ya mjomba, na moshi wa lile bani la kukaushia nilikuwa nimeuchoka.

Nikaandika kichwa, Sikonge, nikafungua ukurasa kuutazama. Neno likatokea kubwa, nikafurahi. Kwa kuogopa umeme kukatika, nikanakili faili kwenye flashi liwe akiba, nikaendelea kuandika.

Nikaongeza maelezo ya asali. Ukurasa haukubadilika. Nikahifadhi tena, nikatazama tena: Sikonge, peke yake. Nikaweka rangi ya njano, nikaweka picha ya mzinga. Sikonge, peke yake. Nikashuku mashine, nikashuku umeme, nikamshuku hata Maganga wa Bukene aliyekaa kando yangu akiandika kwa utulivu, maana ukichanganyikiwa, jirani aliyetulia huonekana mchawi. Kuuliza si ujinga, nilijua tangu utotoni, lakini mdomo ulikataa. Mfa maji haachi kutapatapa. Nikafuta kila kitu nianze upya.

Nikatazama. Sikonge bado ipo.

Hapo niliogopa kweli. Nimefuta mpaka herufi ya mwisho, na neno bado linanitazama. Nikaketi mikono mapajani, sijui kushoto wala kulia, mpaka Bi Zuhura akasema muda umekwisha. Akapita akikagua, akafika nyuma yangu.

"Ukurasa huu unaoutazama umetoka kwenye faili lipi?"

"Hili ninaloandika, mwalimu."

"Hebu angalia vizuri."

Nikaangalia. Nilikuwa naandika kwenye faili la flashi, natazama lile la kwenye kompyuta. Mawili yenye jina moja, na mimi katikati kama mgeni aliyepotea njia.

"Huko kwenu mizinga hutundikwa porini, ya huyu karibu na ya yule," akasema. "Mrinaji akifika chini ya mti hufanya nini kwanza?"

"Hutafuta alama ya mwenyewe."

"Kabla ya kupanda au baada?"

"Kabla, mwalimu."

Akaniambia nirudishe nilichofuta, kisha nifungue faili la flashi. Ukurasa ukatokea wote: maelezo ya asali, njano yake, picha ya mzinga mahali pake. Bi Zuhura akausoma mpaka mwisho.

"Umewashinda wenzako wote," akasema taratibu. "Lakini muda ulipokwisha, hapa palikuwa patupu. Nafasi ni ya Maganga."

Msimu ule niliumalizia kwenye bani. Moshi ulinipa kisingizio cha kufuta machozi, na sioni haya kusema nililia. Nilirudi mjini baadaye nikaisoma kazi hii mpaka ikanilisha, lakini hata leo sielewi kwa nini binadamu ni mwepesi wa kufuta kuliko kuuliza. Hasira hasara, tunaimba sote, kisha tunafuta.

Basi sikia, mwanangu, wewe unayesema juhudi zako hazionekani na unataka kuacha. Usifute kwanza. Pengine kazi yako ni nzima, ila macho yako yako kwingine. Simama, tafuta alama, na kama huioni, muulize aliye karibu, hata kama ni huyo unayeshindana naye. Maganga angenionyesha, nilikuja kumjua, hana roho mbaya.

Mungu akujalie subira ya kutazama mara ya pili, akupe na mtu wa kukuambia ukweli kabla muda haujakwisha. Amina.