Nilivyopeleka Mgongo Wangu Njombe

Ndugu zangu, aibu yangu hii imeshasimuliwa misibani na arusini, kuanzia Makambako hadi Mjimwema, na watu ambao hata hawakuwapo, wengine wameongeza eti nilikimbia uchi wa mnyama (uongo mtupu, nilikuwa na shuka), kwa hiyo leo mwacheni mwenye aibu aseme mwenyewe, na pale nilipokuwa mjinga nitawaambia hapa nilikuwa mjinga, msihangaike kutafuta.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, miaka yake ya mwishomwisho, nami nilikuwa kijana, fundi cherehani kwenye baraza ya duka la Mhindi pale Makambako. Nikikaa asubuhi nimekaa, nakanyaga cherehani mpaka jioni, makoti ya watu, kaptula za shule, magauni ya kipaimara, na shingoni nimefunga tai, naringa kweli. Nilikuwa nimemchumbia Rebeka, binti wa Mjimwema, msichana aliyekuwa akicheka kwa sauti mpaka mchungaji anageuka, na mambo yote yalikuwa yamekwenda sawa isipokuwa kwa baba yake mdogo. Baba mzazi alikwishafariki, basi neno la mwisho lilikuwa la huyu mzee, naye alisema mbele ya wote: "Fundi cherehani ni mtu wa kukaa kitako. Hana mgongo. Aje Jumamosi alime shamba la ukweni tumwone, akishindwa posa yake tunairudisha."

Mimi nikajibu, "Nitakuja, baba," kwa sauti nzito. Mtoto wa Kibena ashindwe na jembe?

Jumanne ya wiki hiyohiyo nikainama kuokota sindano. Sindano, jamani, si gunia la mahindi! Nikabaki palepale, nimejikunja, Mhindi anadhani natafuta senti yake iliyoanguka. Mgongo ulikuwa umekaza, sigeuki kulia, sigeuki kushoto, na Jumamosi inakuja.

Dereva mmoja wa lori, rafiki yangu, akaniambia kwamba katika hospitali moja ya misheni upande wa Njombe amekuja Sista Mzungu aliyesomea kukanda watu, kazi yake ni hiyohiyo tu, na kwamba yeye mwenyewe alikandwa shingo akatoka anageuka kama bundi. Nilicheka. Mimi kukandwa nilikojua ni kwa mama aliyejifungua, na maji ya moto, na uji pembeni. Mwanamume akandwe kazaa nini? Lakini cheko lenyewe liliniuma mgongo, kwa hiyo Alhamisi alfajiri nikapakiwa kwenye lori lake juu ya magunia ya magome ya miwati, ile miti ya kutengenezea ngozi, nikafika Njombe nimeganda kwa baridi.

Sasa hapa ndipo nilipokuwa mjinga. Rebeka aliwahi kunieleza kwamba mama yake anafanya kazi hapohapo misheni, anafua shuka za hospitali. Nikawaza, jina langu likiandikwa pale, mpaka mchana mama atakuwa amesikia, jioni baba mdogo atakuwa amesikia, na kesho nitakuwa sina mchumba. Karani alipouliza jina nikajibu haraka, "Lameki Mgaya, wa Lupembe." Simjui Lameki yeyote. Lilinitoka tu, tena nikalifurahia.

(Niwaeleze wageni jambo moja. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Mkikutana njiani, mmoja anaingia porini mpaka mwenzake apite. Hampeani mkono, hamli pamoja, na jina lake hulitaji. Kwa hiyo mama Rebeka nilikuwa namjua mgongo tu, tena wa mbali, khanga yake ikipotelea kwenye miwati. Sauti yake sikuijua, na ukoo wake sikuthubutu kuuliza.)

Wakaita, "Lameki! Lameki Mgaya!" Nikatulia kwenye benchi namtazama mzee wa pembeni, nasema moyoni huyu Lameki mbona kiziwi. Mara ya tatu ndipo nikakumbuka kuwa ni mimi.

Chumba kilikuwa safi, kina kitanda chembamba kirefu, jiko la mkaa pembeni na chupa ya mafuta imewekwa juu ya sufuria ya maji ya moto. Sista alikuwa mpole, Kiswahili chake cha polepole. "Vua nguo za juu na suruali, kaptula ya ndani ibaki. Jifunike shuka, lala kifudifudi. Nikikuumiza, sema. Usijikaze. Vuta pumzi, toa pumzi." Akatoka nijitayarishe. Mimi nilikuwa nimevaa makoti mawili, sweta na mashati matatu, na kwa mgongo ule kuyavua ilikuwa safari. Sista alirudi mara mbili akanikuta bado napambana na sweta. Nikaomba na taulo la kufunika kichwa. Nikamwambia mwanga unaniumiza macho. Uongo wa pili huo, na nje ukungu mtupu, hata jua halijaonekana tangu Jumapili.

Akaanza. Ndugu zangu, sitawadanganya, ni kitu kizuri. Mafuta ya uvuguvugu, mikono inateremka polepole kandokando ya uti wa mgongo, nikaanza kulegea, hata mate yakanitoka kwenye taulo. Nikawaza kumbe wazazi wetu wa kike wanafaidi hivi! Nilikuwa karibu kusinzia mlango ukagongwa, Sista akaitwa wodi ya wazazi, nikamsikia akimwambia mtu, "Endelea hapa, mama. Huyu ni Lameki wa Lupembe, mgongo."

Mikono ikabadilika. Loo! Ile ya Sista ilikuwa inabembeleza, hii ilikuwa inakamua. Dole gumba likiingia pale mgongo ulipokaza, nasikia mpaka kwenye jino.

"Pole, baba," ikasema sauti ya mama mtu mzima. "Nilikuwa nafua shuka, Sista akaona nguvu za mikono yangu akanihamishia huku. Naumiza?"

Ningesema ndiyo, labda mambo yangekwenda vingine. Lakini mwanamume! Nikasema, "Hapana, mama," ndani ya taulo.

"Sista kanifundisha nizungumze na mgonjwa ili alegee. Basi mimi Jumamosi nina ugeni. Binti yangu ana mchumba, fundi cherehani wa Makambako, anakuja kulima."

Nilikaza mwili mzima kuanzia kisigino hadi kisogo.

"Mbona umekaza tena? Legeza, baba." Akaweka kiwiko. "Shemeji yangu anasema kijana hana mgongo. Mimi namtetea, ingawa sijui, naogopa tu binti yangu asije akamkosa mtu anayempenda. Legeza, nimesema! Mgongo gani huu?"

Nilegee vipi, jamani? Nimelala nusu uchi, nimepakwa mafuta, mama mkwe wangu kaniwekea kiwiko, mtu ambaye hata kivuli chake nisingekikanyaga! Nikaanza kusali kimoyomoyo, nikaanza na Baba Yetu, nikajikuta kwenye sala ya chakula. Nikawaza nivumilie tu, nifunike uso, amalize, atoke, nami nisiseme kwa mtu mpaka kaburini. Na ingewezekana, kama si yule Lameki wangu.

"Hivi wewe Mgaya wa Lupembe," akasema, "ni wa mlango upi? Maana mimi nimezaliwa hukohuko. Mimi ni Semgaya." (Kwetu binti wa Wagaya ndiye huitwa hivyo.)

Nikajizika zaidi ndani ya taulo.

"Baba yako nani?"

"Alikufa," nikajibu kwa sauti nyembamba, sijui niliitoa wapi.

"Masikini! Kumbe ni kaka yangu, na mimi nakukanda kama mgeni! Hebu nikuone uso, kaka, kama umefanana na marehemu baba."

Akashika taulo. Nami nikalishika. Akavuta, nikaliuma kwa meno. "Kaka, una nini? Una kidonda usoni? Usinionee haya, mimi dada yako!" Mikono ile, iliyokamua shuka za hospitali nzima, nani angeshindana nayo? Taulo likatoka, nusura na jino langu, tukatazamana.

Yeye alikuwa ananijua, mara nyingi kaniona kanisani kutoka upande wa akina mama. Alipiga ukelele, "Yesu wangu!" akajifunika kichwa kwa aproni, akageukia ukutani. Mimi nikaruka kutoka kitandani (nilipofika chini nikagundua mgongo umepona, lakini haikuwa saa ya kumshukuru Mungu), nikavuta shuka, nikafungua mlango nikatoka mbio.

Nje kwenye baraza palikuwa na foleni ya wagonjwa, na sakafu ya saruji ilikuwa ndiyo kwanza imepigwa deki. Miguu yangu ilikuwa na mafuta. Nikateleza kuanzia mwanzo wa foleni hadi mwisho, watu wananipisha, nikaangukia miguuni pa mzee mmoja aliyefungwa kitambaa shavuni kwa maumivu ya jino. Nikainua macho. Baba mdogo.

"Fundi?" akasema kwa shida.

"Kamwene, baba," nikamsalimu palepale sakafuni. Mtu anasema nini kingine?

Nguo zangu mama hakuweza kunikabidhi, akazitupa dirishani moja moja, koti, sweta, shati, koti, na kila iliyoanguka foleni ilihesabu kwa sauti. Suruali ilikuja ya mwisho.

Usiku ule sikulala. Kicheko cha watu nilikivumilia, lakini kumkosa Rebeka, hapo niliumia, nasema wazi, nililia kwenye blanketi. Ijumaa mwili wote uliuma kama nimepigwa rungu (Sista alikuwa amewaambia wagonjwa kwamba siku ya pili huwa hivyo, ila mimi sikukaa kusikiliza). Jumamosi nikaamka mwepesi, nikachukua jembe, nikaenda Mjimwema. Nilijua posa inarudi, lakini nilisema nitalima kwanza, wanifukuze nikiwa nimelima.

Nikalima. Hakuna aliyenisalimu. Saa sita nilikuwa nimemaliza kipande chote, nikaitwa uani, wazee wameketi, baba mdogo kavimba shavu. "Kazi tumeiona," akasema, "lakini mtu huyu amejipa ukoo usio wake, amedanganya hospitali, amelala mbele ya mama mkwe akashikwa kama mtoto. Mila imevunjika. Tena alificha ugonjwa. Leo kalima, kesho atavunjika, binti yetu atamlisha kwa kijiko. Mimi posa narudisha."

Nikainamisha kichwa. Nilimsikia Rebeka jikoni akilia, yeye ambaye sikuwahi kusikia kwake ila kicheko, na yote aliyosema mzee yalikuwa kweli.

Ndipo sauti ya mama yake ikatoka nyuma ya ukuta wa jiko. Kwa desturi alipaswa kumtuma shangazi alete maneno, na shangazi alikuwa amekwisha kusimama, lakini mama hakungoja.

"Shemeji, jembe la kuniondolea aibu atanipa, na mbuzi atatoa, mila tutaitengeneza. Lakini hilo la mgongo msiliseme nyinyi. Hapo mlipoketi, nani kati yenu aliyeushika? Mimi nimeushika kwa mikono yangu miwili, kuanzia shingoni hadi kiunoni. Umekaza kwa kazi, hauna uvivu hata kidole kimoja. Mgongo wa marehemu mume wangu ulikuwa hivyohivyo. Binti yangu anakwenda."

Baba mdogo akafungua mdomo, jino likamuuma, akaufunga.

Basi nikamwoa Rebeka, na mama mkwe wangu tukaendelea kupishana njiani kwa heshima zote, yeye akiingia kwenye miwati upande huu na mimi upande ule, miaka yote, bila kulitaja jambo lile hata mara moja.

Nanyi mnaoniuliza kukandwa mara ya kwanza kukoje, nitawaambia. Utavuliwa, utapakwa mafuta, utaambiwa ulegee na hutalegea, ukiumia sema, na siku ya pili utatembea kama mzee, usiogope, ni kawaida. Lakini kabla hujalala kifudifudi, mtazame usoni anayekukanda. Ukimwona anajifunika na kugeukia ukutani, chukua suruali yako kwanza, ndipo ukimbie.