Kisanduku Chekundu

Mtaani walimwita Vidole, na hata wifi yake alipomtuma dukani alisema, "Vidole, usisahau chumvi." Jina lilitokana na kazi. Alikuwa mpiga chapa, na vidole vyake vilikimbia kwenye kibodi bila yeye kuvitazama, huku akiongea na mtu wa pembeni kuhusu jambo jingine kabisa. Alianza na kadi za harusi na barua za kuomba kazi. Kisha shule ya sekondari ya jirani ikampa mitihani yake, kwa kuwa alichapa bila makosa na hakuwa na mdomo.

Kazi hiyo alitafutiwa na kaka yake mkubwa. Wazazi wao walipofariki, kaka ndiye aliyemlea na kumsomesha. Sasa alikaa kwake, katika chumba cha uani kilichokuwa na dirisha moja, kitanda, na meza ya kompyuta mpakato. Mlango ulikuwa na ufunguo, lakini haukufungwa kamwe. Nani amfungie kaka yake mlango?

Kaka alifundisha hesabu kwa masomo ya ziada, kwenye banda la nyuma ya nyumba. Wanafunzi walimwita Mwalimu Uhakika, maana alipenda kuwaambia, "Kwangu mimi hakuna kubahatisha." Na kweli walifaulu, mpaka banda likawa dogo.

Mtihani wa hesabu wa muhula uliopita ulivuja. Ule wa majaribio nao ukavuja. Mkuu wa shule akamwita Vidole ofisini, akafunga mlango mwenyewe.

"Safari hii nimetunga mimi," alisema bila kupaza sauti. "Karatasi itaonwa na mimi na wewe tu, dada. Ya Jumatatu ikivuja, sitakuita hapa tena. Polisi watakuja kwako."

Vidole alitoka huko moja kwa moja hadi kwa fundi aliyemuuzia kompyuta.

"Lakini ina nenosiri," alimwambia. "Refu, tena gumu."

Fundi akacheka. "Hilo nenosiri linalinda mlango wa mbele. Mgeni wako hapiti huko."

Aliiwasha mashine huku akibonyeza kitufe kimoja mfululizo. Ukatokea ukurasa wa kijivu ambao Vidole hakuwahi kuuona.

"Hapa ndipo inapoamkia, kabla ya kitu kingine chochote. Inajiuliza ianze na nini. Tazama: imeamriwa itafute flashi kwanza, ndipo ije kwenye diski yako. Mtu akichomeka flashi yenye mfumo wake wa kuendeshea kompyuta, mashine inaamka na huo. Nenosiri lako haliulizwi. Mafaili yako anayasoma kama gazeti."

"Labda ilitoka hivyo kiwandani."

"Nilikuuzia mimi. Haikuwa hivyo."

Fundi aliirudisha diski mbele, akawasha ulinzi ambao hukagua muhuri wa kila mfumo unaotaka kuiamsha mashine, na kuukataa usio na muhuri unaotambulika. Mwisho akamwambia aweke nenosiri la ukurasa ule wenyewe, naye akageukia ukutani wakati Vidole anachapa.

"Nitaona mabadiliko gani?"

"Wewe? Hakuna. Utawasha kama kila siku. Mwenye kuilazimisha iamke na flashi yake ndiye atakayetokewa na kisanduku chekundu cha kumkatalia. Na usimwambie mtu."

"Hata nyumbani?"

Fundi alimtazama. "Anayeingia chumbani kwako ni nani?"

Vidole akachukua kompyuta yake, akaaga.

Jumamosi alimaliza kuchapa mtihani. Wifi akamtuma dukani, akaenda, akarudi. Kila kitu mezani kilikuwa kama alivyokiacha. Jioni walikaa watatu kunywa chai.

"Vidole, mbona hunywi?" wifi alitania. "Haina sumu, nimeionja."

Kaka alicheka na mkewe. Kisha akasema kwa upole, "Mdogo wangu, hiyo kompyuta yako ipeleke kwa fundi. Kile kisanduku chekundu kinachotokea ukiiwasha si dalili nzuri. Isije ikafa na kazi za watu ndani."

Kijiko cha Vidole kikasimama ndani ya kikombe.

"Kwangu hakitokei, kaka."

Kaka akaweka kikombe chini taratibu, kama anayeogopa kuamsha mtoto. Wifi akainuka na kukusanya vyombo, ingawa vikombe vyote vilikuwa bado na chai.

Vidole alirudi chumbani. Kaka akamfuata, akasimama nyuma ya kiti chake.

"Nani alikusomesha?"

"Wewe, kaka."

"Kazi hiyo alikutafutia nani?"

"Wewe."

"Sikuombi unipe karatasi. Irudishe mashine ilivyokuwa, halafu utoke, utembee kidogo. Hutajua lolote."

"Watanifunga mimi. Mkuu ameniambia, ikivuja watakuja polisi."

"Najua," kaka alisema. "Mimi ndiye niliyemwambia una mdomo mzito. Hata polisi hutawaambia kitu."

Alilisema bila hasira, na hapo ndipo Vidole alipoogopa hasa. Kaka alikuwa ameshalifikiria hilo la polisi. Amelifikiria, na bado usiku alikuwa analala vizuri.

Aliwasha mashine. Akabonyeza kitufe. Ukurasa wa kijivu ukadai nenosiri, naye akachapa. Likakataliwa. Akachapa tena, likakataliwa. Baada ya la tatu mashine iliganda, ikaandika kwamba imejifunga mpaka iwashwe upya.

"Nimesahau, kaka."

Huko nje wanafunzi walianza kuingia bandani kwa somo la jioni, wakiburuta madawati na kuchekana. Mmoja akaita, "Mwalimu Uhakika! Tumefika!"

Kaka alikuwa akivitazama vile vidole, ambavyo tangu utotoni hakuwahi kuviona vikikosea herufi. Akaenda mlangoni, akauzungusha ufunguo, akautia mfukoni. Kisha akakaa kitandani, magoti yake yakikaribia kugusa kiti cha mdogo wake.

"Utakumbuka," alisema. "Washa tena."