Krimu ya Koku na Migomba Iliyosingiziwa Kifo

"Ndiyo hii migomba iliyokufa?" Kokuhirwa aliuliza, akaupiga mmoja kofi kwenye shina kama mtu anayempiga ng'ombe mkaidi. "Mama, nijibu. Ndiyo hii iliyokufa kwa mnyauko mpaka nikalia?"

"Punguza sauti, waitu, mwanangu. Majirani wanasikia."

"Wasikie! Waje waone maiti yenye mikungu!"

Mama yake, Klaudia, alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko la nje, kisu mkononi. Klaudia ni mke wa marehemu mwanangu, na Koku ni mjukuu wangu ninayeishi naye Kitendaguro, kule Bukoba mjini. Asubuhi hiyo tulikuwa tumefika Kamachumu mimi na yeye bila taarifa. Nilipoona maneno yameanza kabla ya salamu kwisha, nilijivutia mkeka, nikaokota kisu cha pili, nikaanza kumenya ndizi ambazo hakuna aliyenituma nimenye. Mtu mwenye kazi mkononi hafukuzwi. Nilimenya polepole sana. Ndizi yangu ya kwanza, mtu angeweza kuchuma kahawa ya shamba zima kabla sijaimaliza.

Kando ya migomba ule mtumbwi wa mbao wa kukamulia ndizi ulikuwa bado umelowa, majani ya kukamulia yamejaa povu. Koku akainama, akachovya kidole, akalamba. Uso wake ukabadilika.

"Na omuramba huu ni wa nani?"

Klaudia akafuta kisu kwenye kanga yake.

Lazima niseme krimu inayopikwa kwa omuramba huo ni kitu gani, maana bila kuijua mtu ataona mjukuu wangu amegombana na mama yake kwa sababu ya ndizi.

Koku alipomaliza darasa la saba alikwenda kumsaidia Bi Mariamu, mwanamke wa mjini aliyekuwa akioka keki za harusi na za maulidi. Kwanza aliosha sufuria mpaka vidole vikakunjamana, kisha akaruhusiwa kukoroga, kisha akafundishwa kuchoma sukari. Sukari haichomwi na mtu mwenye haraka. Unaiweka kavu kwenye sufuria nzito, unaiangalia inavyoyeyuka, inakuwa kama asali, halafu kama chai ya rangi, na hapo hapo ndipo umwage maziwa ya moto na siagi. Ukipepesa macho imeshakuwa dawa ya minyoo. Ikishaiva unaiacha ipoe, unaipiga kwa mwiko mpaka mkono unaomba talaka, kisha unaipaka kwenye keki upesi kabla haijagoma. Hiyo ndiyo krimu ya karameli. Ya Bi Mariamu ilikuwa nzuri. Lakini nzuri za namna hiyo zilikuwepo nyingi mjini, na Koku alipoolewa na kuanza kuoka kwake mwenyewe, watu walimwambia keki yako tamu, kisha wakaenda kuagiza kwingine.

Ndipo akazaa mtoto wake wa kwanza. Klaudia akaja kumtunza mzazi, kama mama anavyopaswa. Alikuja na omuramba, yale maji matamu ya ndizi mbivu kabla hayajachachuka kuwa pombe, akauchemsha, akautia kwenye chupa ya chai ili mzazi anywe moto moto. Chupa ya maziwa ilikuwa pembeni, zote nyekundu, zote na maua yale yale. Koku, ambaye alikuwa ameambiwa akae kitandani na hakukaa, alikuwa jikoni anachoma sukari. Akanyoosha mkono. Akamwaga.

Nilikuwepo, mtoto mapajani pangu. Sufuria ilinguruma kama simba aliyekanyagwa mkia. Koku alilia, maana alikuwa na keki ya mteja mezani. Mama yake ndiye aliyesema, "Usimwage. Koroga tu, tuone." Akaongeza siagi, akakoroga, akapiga. Ndizi za kwetu huivishwa juu ya moshi wa jiko, na moshi ule ulikuwa umeingia kwenye omuramba, na omuramba umeingia kwenye sukari. Tulionja sisi watatu kwa kijiko kimoja. Kijiko hakikupumzika mpaka sufuria ikabaki inang'aa.

Harufu ya siku ile iliteremka mpaka ziwani, sato wakaja juu ya maji wakiwa wamefungua midomo. Anayebisha aende akawaulize wavuvi. Nyuki wa Kitendaguro walihama mizinga, wakakaa dirishani kwetu wakisubiri zamu.

"Jamani," Koku akasema, "hii ibaki humu ndani. Nimetafuta kitu changu mwenyewe tangu nilipoanza kuosha sufuria za watu. Hiki ndicho."

Klaudia akafungua pindo la kanga yake, akatoa akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna, akatugawia sisi watatu, mimi, yeye mwenyewe na mwanawe. Tukatafuna pamoja. Kwetu ukishatafuna kahawa na mtu juu ya neno, hilo neno limefungwa. Na ni yeye aliyeitoa. Hakuna aliyemwomba.

Baada ya hapo Koku akawa Koku. Bi Mariamu mwenyewe alikuja kuonja, akauliza kama kuna pombe ndani. Akaambiwa ni maji ya ndizi ya siku ile ile, hayajalala. Akala kipande cha pili, akasema, "Umenipita, mwanangu, na wala sioni vibaya." Kipaimara, harusi, ubatizo, watu walitaka keki ya Koku. Klaudia akawa anatuma omuramba kutoka kibanja, lile shamba la ukoo linalozunguka nyumba yake Kamachumu, maana tulijaribu wa sokoni na haukuwa na ule moshi. Mama anakamua, binti anachoma sukari. Nilikuwa nikiwatazama nasema moyoni, nikifa leo nimeshaona.

Kisha ikaja ile simu. Klaudia kwa sauti ya msiba: mnyauko umeingia kwenye kibanja, migomba ya pombe yote imekauka, omuramba hakuna tena. Koku alilia mpaka mume wake akadhani kuna mtu amefariki. Mimi nilimtumia Klaudia kanga mpya, pole ya migomba. Koku alikwenda kwa mchungaji, Jumapili ikaombewa kanisani, usharika mzima umesimama. Kwaya iliimba kwa uchungu kiasi kwamba mti mmoja nje ya kanisa ulidondosha majani. Tuliombea migomba yenye afya kuliko mimi.

Koku alirudi kwa omuramba wa sokoni. Wateja wakaanza kuuliza, "Umebadilisha nini?" Wengine hawakuuliza, hawakurudi tu.

Jumamosi iliyopita tulialikwa kipaimara Kaagya. Keki ikakatwa, Koku akapewa kipande kama wageni wengine. Akakitia mdomoni. Nilimwona akiacha kutafuna. Akaja taratibu mpaka nilipokaa, akaniwekea kipande mkononi bila kusema. Nikaonja. Moshi ule.

"Nani ameoka?" Koku akamuuliza mwenye shughuli, anatabasamu kwa meno tu.

"Si mke wa kaka yako Clavery, yule Joyness wa Kamachumu! Kwani ninyi hamjui? Nyumba yenu ina baraka, wote mafundi."

Ndivyo tulivyofika pale kwenye migomba.

"Uliniambia imekufa," Koku alisema. Sasa hakuwa anapiga kelele, na mimi nikaacha kumenya. Alipokuwa anapiga kelele sikuogopa. "Ungesema tu, 'Koku, nimempa wifi yako.' Ningekasirika, ningepita. Lakini ulinifanya nisimame kanisani kuomboleza. Ulipokea kanga ya Bibi."

"Kanga nilitaka kurudisha."

"Umeivaa!" nikasema. Kwa kweli alikuwa ameivaa.

Klaudia akajiangalia kiunoni, akaona aibu, kisha akaona hasira, maana hiyo ndiyo njia fupi.

"Hebu nisikilizeni. Hiki kibanja ni cha nani? Ni cha Clavery. Kilikuwa cha baba yake na babu yake. Migomba hii si yako, Koku, wala si yangu. Kinachotoka kwenye kibanja kinabaki kwenye kibanja. Wewe uliolewa. Mambo yako yapo kwa mumeo."

"Sikuomba kibanja. Nilishawahi kukuomba hata mche wa kahawa?"

"Hukuomba."

"Clavery alichukua ardhi, sikusema neno. Akachukua nyumba, sikusema. Nilikuwa na sufuria, Mama. Sufuria moja na kitu nilichokipata kwa kukosea. Hata hicho kikaonekana kinamfaa mke wa Clavery?"

Klaudia akakaa chini kwenye kizingiti. Alionekana mzee ghafla, na mimi niliyemzidi umri kwa mbali nikajiona kijana.

"Joyness alikuwa amefunga sanduku," akasema. "Anataka kwenda kwa dada zake Mwanza. Alisema hapa hana chake, anapalilia shamba la mume na kupika kwa jiko la mama mkwe, siku zinapita. Na Clavery unamjua, angemfuata. Ningebaki hapa na nani? Nikianguka kule migombani nani ataniokota? Wewe ungekuja, najua. Ungekuja baada ya simu, ukae siku chache, urudi kwa watoto wako. Nilitafuta kitu cha kumshika. Sikuwa na kitu. Nilichokuwa nacho kilikuwa chako."

"Basi ungeniomba."

"Ungekataa."

"Ungeniomba kwanza ndipo ujue!"

"Mama," Klaudia akanigeukia mimi, "mwambie mjukuu wako. Wewe unajua kuzeeka nyumbani kwa mtu ni nini."

"Najua," nikasema. "Nazeekea kwake. Hajanifungia sanduku wala mimi sijamwibia sufuria."

Sikupaswa kusema hivyo. Klaudia akafunika uso na ile kanga yangu. Koku akamtazama kwa muda, akasogea hatua moja, nikadhani anakwenda kumwinua. Hakumwinua.

"Ukichoka kulia," akasema, "utamwita Joyness, mbele yangu, umwambie hii krimu ni ya nani na kwamba umeitoa bila mimi kujua. Sitamkataza kuoka. Aoke. Nataka ajue tu. Nataka kuwe na mtu mmoja katika nyumba hii anayejua ukweli ambaye si mimi na Bibi."

"Nitamwambia."

"Leo."

"Koku, waitu, nikimwambia leo ataona nimempa kitu cha wizi. Atakwenda. Nipe muda, mwanangu, nitatafuta maneno..."

"Maneno ya migomba kufa ulitafuta kwa muda gani?"

Klaudia alikuwa anataka kujibu. Mdomo ulishafunguka. Lakini tukasikia kandambili kwenye njia ya kibanja, na Joyness akatokea kati ya migomba, trei ya mayai kichwani, jasho usoni, anacheka kabla hajatufikia. Akatua trei juu ya mtumbwi, akaja mbio, akamkumbatia Koku kwa nguvu kiasi kwamba kilemba cha mjukuu wangu kilianguka.

"Wifi yangu! Umekuja! Na Bibi pia! Mama, kwa nini hukunipigia simu, ningeleta nyama!" Akamshika Koku mikono yote miwili, akapiga goti kidogo kama wanavyofanya mabinti waliolelewa. "Wifi, nimetaka kuja Kitendaguro kukushukuru tangu siku ile, Mama ananiambia ngoja, ngoja. Aliponiambia umesema nipewe krimu yako, kwamba Koku amesema Joyness naye awe na kitu chake, nililia. Sijawahi kupewa kitu na mtu wa ukweni. Sanduku langu nililifungua siku hiyo hiyo. Muulize."

Koku akainama, akaokota kilemba chake.

"Nimepika nyingine asubuhi, bado iko vuguvugu," Joyness akasema, anafuta jasho kwa kiganja. "Uionje uniambie kweli, usinifiche, kama nimeharibu zawadi yako."

Koku alimtazama mama yake. Klaudia alikuwa anatazama majivu ya jiko. Mimi nilitazama ndizi iliyo mkononi mwangu, haikuwa na ganda lolote lililobaki la kumenya. Joyness akatuangalia mmoja mmoja, akadhani ni uchovu wa safari, akaingia ndani kutafuta kijiko.