Shamba Nililolisafisha Mno

Kosa langu la kwanza katika kilimo lilikuwa kuvuna viazi vyote.

Shuleni sikukaa sana. Kilimo nilijifunza mwenyewe, kwa kijitabu nilichoazimwa na bwana shamba wa Kizungu pale Uyole. Kilisema kiazi kinachosahaulika ardhini hueneza ugonjwa msimu unaofuata. Mimi ni mtu wa hofu. Baada ya kuvuna nililirudia shamba kwa jembe, tuta kwa tuta, mara mbili, hata vile vidogo kama gololi nikavitoa nikawapa nguruwe.

Huku kwetu milimani, mwenye shamba akimaliza kuvuna, wajane na wasio na shamba huingia kuokota masazo bila kuomba ruhusa. Nililijua hilo tangu utotoni, lakini siku ile niliwaza ugonjwa tu.

Asubuhi yake mjane wa jirani alifika na kikapu na kijembe. Aligeuza udongo mpaka mchana. Mwanamume mmoja akapita njiani, akamwita, "Mama, unahangaika bure! Huyu msomi wetu amelichana shamba kama nywele!" Akaenda zake akicheka. Mama hakucheka. Alikuwa amepata viazi vitatu.

Nilikimbilia ghalani, nikachagua viazi vikubwa visivyo na doa, nikampelekea kikapu kizima.

"Pokea, mama. Hivi ni vizuri zaidi."

"Nimekuomba?"

"Hapana, mama. Nakupa tu."

"Vya kupewa, mwanangu, nitavishukuru kila nikikuona, hata kanisani. Vya ardhini vilikuwa vyangu."

Akaviacha hata vile vitatu juu ya tuta, akaondoka. Mwezi haukuisha, nikasikia chakula kimemwishia, amehamia kwa kaka yake Mbalizi.

Nilikuwa nikiamini kwamba kutoa ni hiari ya mwenye nacho, na kwamba anayetoa vizuri zaidi ni mwema zaidi. Hata nilipokuwa nikivichagua vile viazi, naona aibu kuandika, nilikuwa nimeanza kujisifu moyoni. Kumbe nilikuwa namrudishia mtu sehemu ya kile nilichomnyang'anya, na nikitaka anishukuru.

Tangu hapo silirudii shamba nikishavuna. Tuta la mwisho, la upande wa njia, siligusi kabisa, na siku za masazo nakaa ndani nisimwone anayeingia. Ugonjwa wa viazi bado nauogopa. Yule mama hajarudi.