Shati Kavu

Nilipokuwa mtoto pale Kitale, kila mtu mtaani kwetu alijua kwamba asiyetemewa mate na mamake kabla ya mtihani, kalamu ingemkaukia mkononi. Asubuhi ya mtihani mama alikuwa anatia funda la maji mdomoni na kumpulizia mtoto kifuani, naye mtoto akienda shule shati likiwa na madoa na roho imetulia. Hata watoto wa walimu walifanyiwa.

Mimi niliikosa baraka hiyo nikiwa darasa la nane, kwa sababu ya kuku.

Akina mama wa kanisa walikuja kwetu kwa maombi, na mama akaniachia jiko. Walipokuwa wakila, mmoja akasema, "Mama Nanjala, huyu msichana amekupita kwa kupika, bana." Mama alicheka kuliko wote. Akawasindikiza hadi langoni, akarudi, na tangu hapo hakunisemesha. Akitaka chumvi, alimwambia mdogo wangu aniambie niilete, nami nimekaa pale pale. Nilidhani labda kuku yule hakuiva. Niliomba msamaha wa kuku, kisha nikaomba wa kila kitu nilichoweza kukumbuka.

Asubuhi ya mtihani nilipiga magoti mbele yake na kikombe cha maji. Alikuwa akichana nywele mbele ya kioo.

"Si wewe ndio unajua kila kitu?" alisema. "Enda basi."

Nilienda na shati kavu, njia nzima nikiangalia vidole vyangu. Kalamu iliandika vizuri tu, lakini sikuiamini. Nilidhani maneno yangefutika karatasi zikifika Nairobi kusahihishwa.

Matokeo yalipotoka, nilikuwa nimelipita darasa zima. Akina mama wale wale walirudi kutupongeza, na mama akawaambia, machozi yakimlengalenga, kwamba alinitemea mate alfajiri ile nikiwa bado nimelala. "Huyu bila mimi angeandika nini?" aliwauliza. Nilisimama mlangoni na trei ya chai, nimechanganyikiwa kabisa. Labda ilikuwa kweli. Nilitamani sana iwe kweli, na hilo ndilo lililoniuma.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilipomaliza sekondari, nilipata nafasi ya kusomea ualimu Bungoma. Siku ya kuondoka, mama alijaza nyumba wageni, akaniita katikati yao, kikombe cha maji mkononi. Sasa alikuwa tayari kunibariki, wote wakimtazama. Magoti yangu yalianza kukunjika yenyewe. Kisha nikajisikia nikisema, "Asante mama, lakini nitachelewa," nikabeba sanduku langu.

"Mwacheni aende," alisema nyuma yangu, kwa ile sauti yake ya mbele ya watu. "Ataona."

Nililia hadi Bungoma, na tangu siku hiyo nikawa nangoja kuona. Nimefiwa, nimeugua, nimekosana na watu kama mtu mwingine yeyote, na kila mara nimejiuliza kama ndiyo hii. Mama ni mzee sasa. Nampenda, namwogopa, na hadi leo sijui kama alinitemea mate alfajiri ile au la. Kilichobadilika ni kidogo tu. Siku hizi nikiugua naenda kutafuta dawa, simpigii simu kwanza kumwomba msamaha.